Gari la Mama Yustina: Kutoka Kwihara Hadi Ng'ambo ya Malagarasi

Kila anayepita karakanani kwangu Mtendeni siku hizi ananiuliza swali lilelile: "Fundi, ilikuwaje mkakwama mtoni?" Nimejibu vipande vipande. Huyu nimempa habari za kwaya, yule nimempa za pantoni, na sasa nasikia huko sokoni vipande hivyo vimeungwa vibaya: eti gari lilizama, eti Mama Yustina alilisukuma mwenyewe mpaka ng'ambo. Hakuna kilichozama. Nimeona bora niandike yote kwa mfululizo mjisomee, na wale wenye magari ya zamani wapate cha kuwasaidia. Habari za vibali vya boma na kutafuta petroli naziruka, hazina utamu wowote.

Kwanza mjue tulikuwa tunafuata nini. Mama Yustina ni mjane wa Kwihara, binti wa wafuga nyuki, na yeye mwenyewe ana mizinga msituni hadi leo. Zaidi ya hayo ni mkunga. Ukikutana na kijana wa Kwihara barabarani, kuna uwezekano mkubwa kwamba mikono ya kwanza kumshika ilikuwa ya mama huyu. Binti yake, Veronika, ameolewa mbali, ng'ambo ya mto Malagarasi, kwenye vilima ambako reli haifiki. Alishabeba mimba mbili, zote zikatimia miezi yake, na watoto wote wawili walizaliwa kimya. Mara zote mbili mama yake alipata habari mazishi yakiwa yameshapita. Safari hii ya tatu Mama Yustina alisema hatangoja habari. Atakuwepo.

Marehemu mumewe alimwachia pikapu, ya zamani lakini bodi yake nzima. Mama huyu akanijia karakanani asubuhi moja, akakaa juu ya tairi.

"Fundi Saidi, wewe unajua kuendesha, na unajua kutengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi twende wote. Nikichukua dereva itabidi nichukue na fundi, na gari langu mbele lina nafasi ya mtu mmoja tu zaidi yangu."

Kwihara hadi Urambo

Kabla ya kuondoka nililikagua gari kwa siku nzima. Breki ya mguu ilikuwa nzuri. Klachi ilishika vizuri. Giaboksi nilifungua kizibo cha pembeni gari likiwa bado la moto kwa kuletwa, nikaingiza kidole: oili imejaa hadi mdomoni, nzito, safi. Nikalizungusha gari hadi njia ya Kwihara na kurudi. Sasa magari ya namna ile yana tabia moja inayojulikana, giaboksi zake hulia. Ukiwa gia ya pili unasikia mlio mwembamba kama wa mbu sikioni. Hili halikutoa hata mnong'ono. Nikamwambia mwenyewe, "Mama, giaboksi hii imetunzwa. Sijaona iliyo kimya namna hii." Mama Yustina akatabasamu, akaendelea kufunga mizigo yake.

Mizigo ilikuwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, magunia mawili, vibuyu vya asali, kuku watatu ndani ya tenga, mkeka, na kikapu chake cha ukunga ambacho hakukubali kiwekwe nyuma. Alikipakata yeye.

Tuliondoka jua likiwa limeshapanda. Kipupwe cha mwezi wa saba mnakijua: asubuhi unajifunika blanketi, mchana unavua shati. Njia ni ileile waliyopita wapagazi zamani, ila sasa imepanuliwa, na mchanga umebaki uleule. Mama Yustina alikuwa akinionyesha. "Babu yangu alipita hapa na jino la tembo begani, kutoka Ujiji. Alikuwa hana gia na hana breki, na alifika."

"Alikuwa hana abiria pia, mama."

"Kweli. Abiria ni mimi."

Urambo tulifika mchana, gari limechemka, sisi tumechakaa kwa vumbi. Nikaliegesha mbele ya nyumba ya mwalimu wa kwaya ya kanisa la Wamoraviani, ambaye Mama Yustina alimfahamu kupitia marehemu mumewe. Pale pana mteremko mdogo hivi, hata mpira usingebingirika. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi uwanjani, akina mama mbele, wanaume nyuma.

Nilikuwa nimeinama kunawa uso niliposikia mtu anasema, "Fundi, mgeni wako huyo anakuja." Nageuka, pikapu imeondoka peke yake. Haikwenda kwa kasi. Ilikuwa inajongea polepole kama mtu anayetafuta choo ugenini na ana aibu ya kuuliza, inaelekea moja kwa moja kwenye kwaya. Na ile kwaya, jamani! Hawakuacha kuimba. Akina mama waligawanyika, huku na huku, wimbo ukiendelea, gari likapita katikati, likaenda kuegemea rundo la kuni nyuma ya wanaume, likatulia.

Mwalimu wa kwaya akasubiri ubeti uishe. Kisha akanigeukia. "Fundi, gari lako limejipanga kwenye besi."

"Nisamehe sana, mwalimu."

"Usijali. Besi walikuwa wachache."

Wakatucheka hadi wakati wa chakula, na chakula kilikuwa ugali wa mtama na nsansa, mboga ya majani makavu, iliyopikwa kwa karanga, mimi nikala kama niliyesamehewa. Halafu nikaingia chini ya gari, nikaikaza breki ya mkono. Nilidhani nimemaliza.

Urambo hadi Usinge

Asubuhi mke wa mwalimu alitugongea dirisha, akatuamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" na uji wa moto mkononi. Baridi ilikuwa inakata masikio. Nikapiga hendeli, injini ikawaka vizuri. Nikakanyaga klachi, nikashika mkono wa gia ili niweke ya kwanza. Haukwenda. Ulikuwa kama mwiko ndani ya ugali uliolala. Nikausukuma kwa mikono miwili, ukaingia mwishowe kwa kunung'unika. Nikaachia breki ya mkono, nikaachia klachi, injini ikazimika. Gari limeshikwa.

"Jana lilikuwa halisimami," Mama Yustina akasema. "Leo haliendi."

"Nimeikaza breki kupita kiasi, mama."

Hilo ndilo jibu ambalo fundi yeyote angelitoa. Nikaingia chini, nikailegeza. Wanakwaya wanne wakaja kusukuma, likatoka kwa kwikwi mbili tatu, kisha likaanza kwenda. Baada ya mwendo wa kutosha gia zikawa laini kama siagi. Nikafurahi.

Mchana, mahali tuliposimama kula michembe, breki ya mkono haikushika kabisa. Nikaikaza. Kesho yake asubuhi gari halikutoka. Nikailegeza. Mnaona nilivyokuwa? Kama mtu anayelegeza mkanda akishiba na kuukaza akiona njaa, na hajiulizi tumbo lina nini. Nawaambia hili kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyotengeneza. Tunaona dalili moja, tunaijibu. Ikija nyingine, tunaijibu nayo. Ni mpaka uziweke dalili zote mbele yako kwa pamoja ndipo zinaanza kuongea. Wala si jambo la kujilaumu, kila mtu huanza hivyo.

Kwa wakati ule tulipata dawa nyingine. Mama Yustina aliokota gogo la mninga, zuri, limechongeka upande mmoja. Kila tunaposimama, kabla sijazima injini, yeye anafungua mlango, anashuka na gogo, analiweka nyuma ya gurudumu, anarudi kuchukua kikapu chake. Alifanya kazi ile kwa heshima kubwa. Njiani mwanamume mmoja mwenye baiskeli alituomba tumpe lifti, akaweka baiskeli nyuma, na tulipomteremsha mbele ya kijiji chake akamwona mama anashuka na gogo. Akanong'ona, "Fundi, huyu mama mnamtesa. Utingo gani wa umri huo?"

Mama akamsikia. "Mwanangu, mimi ndiye mwenye gari. Yeye ndiye utingo wangu, ila hajui kubeba gogo."

Usinge tulilala kwa mfuga nyuki mmoja, ndugu wa mbali wa marehemu. Wanawake wa pale walikuwa wanachemsha masega kwenye sufuria kubwa na kuyachuja, na nyumba nzima ilinukia. Tulikula ugali kwa asali, kitu ambacho mimi mtu wa Mtendeni nilikiona cha ajabu mpaka nilipoongeza mara ya pili. Mwenyeji akaniuliza habari za gari, nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Linasikia baridi," alisema. "Magari yanazeeka kama sisi. Lifunike."

Nikalifunika kwa turubai na mkeka. Asubuhi lilitoka kwa urahisi kidogo kuliko siku nyingine. Kidogo tu. Lakini nililishika hilo akilini, nikaliweka pembeni. Kumbe mwenyeji yule alikuwa amenipa kipande cha jibu, na mimi nilimcheka kimoyomoyo.

Mtoni

Malagarasi pale kwenye pantoni haina haraka. Ni maji mapana ya kahawia, matete kila upande, na mivumo michache, miti mirefu kama minazi, imesimama mbalimbali. Pantoni yenyewe ni mbao juu ya mapipa, inavutwa kwa kamba. Mwenye kuiongoza ni Bwana Kiza, Muha mrefu, mtu wa maneno machache ila kila neno lina miba. Hakuna cha kulizuia gari lisitumbukie isipokuwa breki yake lenyewe, kwa kuwa vizuizi vya mbele vilishaoza. Kwa hiyo Bwana Kiza ana sheria yake. Kila gari lazima lisimame kwenye mteremko wa kushukia, kwa breki ya mkono peke yake, hakuna mtu ndani, hakuna jiwe. Lisiposimama halipandi.

"Nina gogo," Mama Yustina akasema, akimwonyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Gogo zuri. Liliwahi kuja lori hapa na gogo zuri kama hilo. Gogo lilielea. Lori halikuelea."

Nikalipanga gari kwenye mteremko, nikavuta breki hadi mkono ukaniuma, nikatoka. Likakaa kidogo, likafikiri, likaanza kushuka kwenda majini. Nilirukia mlangoni na kukanyaga breki ya mguu magurudumu ya mbele yakiwa yameshalowa.

"Hapana," Bwana Kiza akasema, akaenda kukaa kivulini.

Nilikaza, nikajaribu tena, hapana. Jioni ikatukuta palepale. Mama Yustina alipika samaki aliopewa na wavuvi, akanitengea mimi kipande kikubwa. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Alikaa ameelekea ng'ambo, mikono juu ya kikapu.

Asubuhi, baridi ya mto ni kubwa kuliko ya Urambo. Nikajaribu kulisogeza gari. Limeganda. Nikalisukuma, Bwana Kiza akaja na wenzake wawili, likaburuzika hatua mbili tatu hadi kwenye mteremko, magurudumu ya nyuma hayazunguki. Hapo likasimama kama limepandwa.

Bwana Kiza akalizunguka. "Sasa limefaulu."

"Limefaulu lakini haliendi."

"Jana lilikwenda lakini halikufaulu." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Gari lako lina saa zake kama karani. Asubuhi halitaki kazi, mchana halitaki kukaa."

Nawaambia kweli, mzaha ule ndio ulionifungua. Asubuhi na mchana. Baridi na joto. Gia ngumu asubuhi, laini mchana. Breki inang'ang'ania asubuhi, inateleza mchana. Turubai la Usinge. Nilikuwa nayachukulia kama magonjwa mawili, wa gia na wa breki, na nikitibu mmoja tu. Na kwenye gari lile vitu hivyo viwili ni majirani wa ukuta mmoja. Ngoja nieleze. Kwenye magari mengi ya sasa breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma. Kwenye hili inashika shafti, pale shafti inapotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Kuna dramu ndogo pale, na ndani yake viatu vya breki vinavyotanuka na kuikaba. Chochote kinachovuja nyuma ya giaboksi kinaingia moja kwa moja kwenye dramu. Sikuwa nimeifungua kwa sababu ukitaka kuifungua lazima ushushe shafti, kazi ambayo hakuna mtu anaipenda njiani.

Nilikuwa nimeshika spana tayari mtumbwi ulipogota ukingoni. Aliyeshuka ni kijana na baiskeli yake, suruali imelowa magotini. Alimwona Mama Yustina, papo hapo akageuka akatupa mgongo, akasimama ameelekea matete. Nikajua ni nani. Huyu ndiye Petro, mume wa Veronika, amekuja kututafuta. Kwao mkwe na mama mkwe hawasogeleani, hawatazamani usoni, na hawasemezani ana kwa ana.

"Fundi," akasema, akiyaambia matete. "Mwambie mama uchungu umeanza alfajiri."

Mama Yustina alikuwa umbali wa kunyoosha mkono. "Fundi, muulize: wa mgongo au wa tumbo?"

"Petro, wa mgongo au wa—"

"Mwambie wa mgongo."

"Muulize: chupa ya maji imepasuka?"

"Mwambie bado."

Bwana Kiza, ambaye si wa mila hiyo, akasema waziwazi, "Kwani baiskeli si hiyo? Ampakie mama huyu waende."

Petro akainamisha kichwa kama aliyepigwa. Mama Yustina akatazama mto. Kumpakia mama mkwe nyuma yako, amekushika kiuno! Kisha yule mama akasema kwa sauti ya chini, "Nikiambiwa mtoto anakufa, nitapanda hata mgongoni kwake. Lakini vilima vile kwa baiskeli ni kushuka na kusukuma, na goti langu halipandi. Tutafika kesho." Akanigeukia. "Fundi, jua likifika juu ya mvumo ule, navuka kwa mtumbwi na natembea. Mpaka hapo gari ni lako."

Chini ya gari

Nilitia gogo la mama mbele ya gurudumu, nikashusha shafti, nikavuta dramu. Ilikataa, nikaigonga, ikatoka. Ndani nilitegemea kukuta oili nyeusi inayochuruzika. Nilikuta kitu kigumu, rangi ya kahawia, kimejaa kati ya viatu na dramu kama udongo kwenye kwato. Nikakikwangua kwa kucha. Kikatoka kipande kizima. Nikakinusa. Chini ya harufu ya oili kulikuwa na harufu nyingine, tamu, niliyoinusa siku mbili zilizopita.

"Mama, nusa hii."

Mama Yustina akakipokea, akakibonyeza kwa kidole gumba, akanusa. "Nta."

"Una hakika?"

"Fundi! Mimi? Nta ya kwetu Kwihara, hii. Niliichuja mwenyewe kwa kitambaa."

"Sasa imefikaje kwenye breki?"

"Kwenye breki mimi sijui. Mimi niliitia kule juu, kwenye lile sanduku la meno. Lilikuwa linalia, fundi. Tangu mzee afariki lilikuwa linalia kama mbuzi aliyefungwa peke yake. Nikayeyusha nta, nikamimina, likanyamaza."

"Ulimimina kiasi gani?"

"Mpaka likajaa. Kitu cha kutunza huwezi kukifanyia uchoyo."

Nikasikia Bwana Kiza amekaa chini ghafla. Alikuwa ameshika tumbo. Petro, bado ameyaelekea matete, mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe ulisemaje siku ile? Ulisema giaboksi hii imetunzwa. Nikajua fundi ameona kazi yangu, ameridhika."

Wala msimcheke sana, kwa sababu alikuwa na haki nusu nzima. Kwao nta inaziba pipa, inalainisha uzi, inalegeza mlango unaolia, inapakwa ngozi isipasuke. Akaona chombo kinacholia kwa sababu meno yake yamekauka na kulika, akakipa nta, na kweli kilinyamaza. Kosa lilikuwa mambo mawili tu. Kwanza, nta hufuata joto. Ikipoa inaganda, na meno ya gia yanajikuta yamezikwa ndani yake. Ndiyo maana mkono wa gia ulikuwa mwiko kwenye ugali. Ikichemka inakuwa maji kabisa. Pili, alijaza kupita kiwango, na giaboksi iliyojazwa kupita kiwango lazima iteme. Inatema nyuma, kwenye shafti, ndani ya dramu. Gari likiwa la moto, nta iliyoyeyuka inapaka viatu vya breki, vinateleza. Gari likipoa usiku, nta inaganda na kuvigandisha viatu kwenye dramu, na hata uachie breki, havitoki. Ugonjwa ni mmoja, una nyuso mbili.

Baada ya kujua, kazi ni kazi tu. Nilifungua nati ya chini ya giaboksi na hakikutoka kitu. Nta ilikuwa imelala. Petroli yote tuliisogeza mbali, Bwana Kiza akaleta karai la makaa, nikaliweka chini kwa muda, na kile kitu kikaanza kushuka polepole kama uji wa mgonjwa, kisha kwa wingi. Mama Yustina alikinga sufuria. "Hii nitaichuja tena," akasema. Nikasuuza giaboksi kwa mafuta ya taa, nikayamwaga, nikatia oili yangu ya akiba hadi kiwango, sio tone zaidi. Viatu vya breki nilivikwangua, nikaviosha kwa petroli kidogo mbali na makaa, nikavianika juu ya jiwe la moto, kisha nikavisugua kwa jiwe hadi uso wao ukawa mkavu na wenye mikwaruzo. Petro alinishikia shafti nilipokuwa nairudisha. Alilala chali chini ya gari upande mmoja, mimi upande mwingine, na hapo angalau hakuwa na haja ya kugeuka. Mama mkwe alikuwa juu.

"Fundi," akaninong'oneza humo chini, "yule mtoto wa pili nilimshika. Alikuwa na joto bado."

Nikamwambia, "Shika hapo, kaza."

Jua lilikuwa limekaribia mvumo. Nikawasha, nikaweka gia. Zikaingia, na giaboksi ikalia! Ule mlio mwembamba wa mbu. Mama Yustina akakunja uso.

"Linaumwa tena."

"Hapana, mama. Huko ndiko kuongea kwake. Liache liongee."

Nikalizungusha gari kwenye njia, nenda rudi, nenda rudi, mpaka likachemka kama jana. Kisha nikalileta kwenye mteremko, nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikasimama mbali na mikono nyuma. Bwana Kiza akaja akaliegemea kwa bega, akalisukuma kuelekea majini. Akaweka na mguu. Likatingisha bodi, halikutoka.

"Pandisha," akasema.

Ng'ambo

Petro alivuka nasi. Alipanda nyuma na baiskeli yake, akakaa ameupa mgongo dirisha la mbele, akitazama tulikotoka. Njia nzima ya vilima alinielekeza hivyo, kwa kugonga bodi: mara moja kulia, mara mbili kushoto. Mama Yustina alikipakata kikapu chake hadi kilima cha mwisho. Nilipunguza gia kupanda, giaboksi ikalia kwa sauti, na yeye akalipigapiga gari mlangoni kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Tulifika jua likiwa linapoa. Nyumba ya Petro iko kwenye mgongo wa kilima, na uwanja wake umeinama. Nilivuta breki. Kabla sijazima injini Mama Yustina alikuwa ameshashuka na kikapu chake, na aliingia ndani bila kunawa vumbi la uso. Mlango ukafungwa.

Petro alikwenda kusimama nyuma ya kihenge cha nafaka, mahali ambapo mlango hauonekani. Nikaenda kusimama naye. Sauti ya Mama Yustina ikaja: "Fundi! Mwambie mwenzako alete maji ya moto, ayaache kizingitini." Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia. Akapeleka maji, akayaacha, akarudi. Baadaye kidogo: "Fundi! Mwambie asitembee-tembee, nasikia hatua zake." Nikamwambia. Akaacha kutembea.

Kutoka ndani tukamsikia Veronika, kisha mama yake anamwongoza kwa Kinyamwezi, sauti ya chini, haina haraka. Kisha Veronika alipiga kelele moja ndefu, ikaisha.

Halafu ikawa kimya.

Petro akanishika mkono hapa, juu ya kiwiko. Sikujua kwamba vidole vya mtu vinaweza kuwa na nguvu namna ile. Ng'ombe alikohoa mahali. Ndani tulisikia maji, tukasikia kiganja kinapiga, tena, na sauti ya Mama Yustina, sasa si ya chini tena: "Lia! Lia, wewe! Lia!"

Mtoto akalia. Kwanza kama mlango unaofunguka, kisha kwa hasira, kisha kwa sauti ambayo nadhani walisikia hata Bwana Kiza na wavuvi wake.

Petro hakusogea. Alikuwa ananiangalia mimi, anangoja nimletee habari, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tumefanya siku nzima. Nikafungua mdomo. Lakini Mama Yustina hakuniita. Aliita kutoka ndani, jina lenyewe, ambalo tangu harusi hakuwahi kulitamka mbele ya mwenyewe.

"Petro! Petro, mwanangu, unamsikia binti yako?"

Na yeye akajibu, mgongo wake ukiwa bado umeegemea kihenge:

"Namsikia, mama."